Kutu Haiulizi Ugumu wa Chuma

Kampala nimeona mageti mengi yaliyoliwa na kutu mpaka ukiyagusa kwa bisibisi yanatoboka. Geti lililoanguka kwa sababu chuma chake kilikuwa dhaifu, bado sijaliona. Hata hivyo swali linaloingia karakanani kwetu Katwe, liwe limeletwa na Mkongomani aliyepitia Mpondwe, Mkenya wa Busia au mzee wa Kinubi kutoka Bombo, ni lile lile: "Fundi, chuma gani ndicho kigumu zaidi?" Huwa najibu, "Mzee wangu, kigumu kipo. Lakini unataka kigumu, au unataka kitakachokaa?" Hapo ndipo mazungumzo huanza, na mara nyingi ndipo bajeti hubadilika. Nguvu ni mali moja, kustahimili kutu ni mali nyingine, na hakuna duka linalokuuzia zote mbili kwa pesa ya moja.

Tuanze na nguvu, kwa kuwa ndiko pesa nyingi hupotelea. Chuma cha kawaida, kile cha paipu za mraba, anglaini na fletibaa zinazojaa madukani, kina kaboni isiyozidi asilimia 0.25 hivi. Huvumilia msukumo wa takriban megapaskali 235 hadi 250 (megapaskali ni kipimo cha msukumo kwa kila eneo) kabla hakijapinda kikakataa kurudi. Kuna chuma cha daraja la S355, cha kujengea madaraja na maghala makubwa, ambacho hufika 355 kama jina lake linavyosema. Nondo za TMT, zinazopozwa ghafla kwa maji zikitoka kwenye rola zikiwa bado nyekundu, hufika 500: ngozi ya nje inakaza, moyo wa ndani unabaki mlaini kidogo ili nondo ikunjike bila kukatika. Spiringi ya lori, ile ambayo wahunzi huifua ikawa panga, ina kaboni ya nusu asilimia au zaidi na ni ngumu kweli kweli. Ila ukiichomelea bila kuipasha moto kwanza na kuiacha ipoe taratibu, ufa utatokea pembeni mwa wilda, yaani mshono wa kuchomelea, pengine siku hiyo hiyo. Kuna wateja wanaoleta spiringi wakitaka iwe bawaba. Nawarudishia.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulibishia ni hili: vyuma vyote hivyo hunyumbuka sawasawa. Chukua rafu mbili za umbo moja, moja ya chuma cha kawaida, nyingine ya S355, uzitwishe magunia yale yale. Zitabonyea kiasi kile kile. Ukakamavu wa chuma ni gigapaskali 200 hivi (gigapaskali ni megapaskali elfu moja), na daraja la bei haliubadilishi. Tofauti huonekana mzigo ukizidi sana, pale rafu dhaifu inapobaki imepinda na yenye nguvu inarudi. Kwa hiyo geti linaloinama upande wa kufuli halitibiwi kwa chuma ghali. Linatibiwa kwa umbo. Ukitoka kwenye paipu ya milimita 40 ukaenda ya milimita 50, unene wa ukuta ukiwa ule ule, uzito unaongezeka kwa robo tu lakini ukakamavu unakaribia mara mbili. Ongeza na mshazari mmoja kutoka bawaba ya chini hadi kona ya juu, na umemaliza kazi ambayo chuma cha bei kisingeifanya.

Kwa nondo kuna kipimo ambacho kila mwenye kujenga anapaswa kukijua, na hakihitaji maabara. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kwa milimita, kisha gawanya kwa 162; unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 inatoka kilo 0.89, kwa hiyo ya mita 12 inapaswa kuwa karibu kilo 10.7. Mizani ikisema tisa, umeuziwa jina la 12. Muuzaji atakasirika ukija na mizani. Mwache akasirike.

Sasa kutu. Kutu haiulizi kama chuma ni cha 250 au 500. Inataka maji na hewa, na maji yenyewe si lazima yawe mvua. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji hukaa juu ya chuma hata kama jicho halioni, na kazi inaanza. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hupanga mazingira kuanzia C1, ndani ya nyumba kavu, hadi C5 na zaidi, pwani na viwandani. Nchi za tropiki zenye hewa isiyochafuka sana huwekwa C3. Hapo chuma kitupu hupoteza mikroni 25 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) katika mwaka wa kwanza, na zinki hupoteza 0.7 hadi 2.1 tu. Zikumbuke namba hizo mbili, zitarudi.

Watu wa Entebbe hupenda kusema ziwa ndilo linalokula mabati yao. Nalitetea ziwa. Maji ya Viktoria ni matamu, hayana chumvi ya kutajika, na upepo wake hauleti kile kinacholetwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Kinachoumiza ni kwamba vitu vinabaki vimelowa muda mrefu, na kwamba vimejengwa kwa namna inayoyafuga maji.

Nikikata nguzo ya geti iliyooza, karibu kila mara naona picha ile ile. Juu, kimo cha mtu, ukuta wa paipu bado una unene wake wote na rangi ya pili haijaachia. Shuka hadi pale nguzo inapoingia kwenye zege: kuna mkanda, upana wa vidole vitatu hivi, ambapo chuma kimegeuka kuwa majani ya kahawia yanayobanduka moja juu ya jingine. Chini zaidi, ndani ya zege, chuma ni kisafi tena, kwa sababu zege ni alkali na alkali hukilinda. Mkanda ule wa katikati ndio unaopata maji ya mvua yaliyotuama, udongo mwekundu uliolowa, na mkojo wa mbwa wa jirani. Ukipasua paipu yenyewe, ndani utakuta mstari wa maji: mvua iliingia kwa juu ambako kofia ya nguzo ilichomelewa vidoti viwili tu, ikakosa pa kutokea. Paipu iliyozibwa kabisa haiozi ndani, kwa sababu hewa iliyomo inakwisha na haiji nyingine. Paipu yenye tundu chini nayo haiozi haraka, maji yanatoka. Inayokufa ni ile iliyozibwa nusu, na ndiyo tunayoitengeneza zaidi mjini hapa.

Dawa ya mkanda ule ni ya bei nafuu mno. Inua zege litokeze sentimita kadhaa juu ya ardhi na ulipe mteremko ili maji yasitulie, kisha paka tabaka nene la lami au epoksi kuanzia ndani ya zege hadi kiganja kimoja juu yake. Mteja haoni uzuri wowote pale na hataki kulipia. Mimi huiweka ndani ya bei bila kumwambia.

Zinki ndiyo kinga ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu inalinda hata inapokwaruzwa. Rangi ikikwaruzwa, kutu huingia na kutambaa chini yake. Zinki hujitoa mhanga: maji yakifika, yenyewe ndiyo inayoliwa kwanza na chuma cha jirani kinasalimika, mradi mkwaruzo si mpana. Mfaransa Stanislas Sorel alichukua hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka mwaka 1837, na mpaka leo kazi ni ile ile, beseni la zinki la nyuzi 450 hivi za Selsiasi.

Lakini si kila kinachoitwa galvanaizi kina zinki sawa. Chuma kinene kilichochovywa kikiwa kimeshatengenezwa hutoka na mikroni 85 hivi, au 55 kama ukuta ni mwembamba. Bati la Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, ambazo ni mikroni 20 hivi kila upande. Bati la Z100 linabaki na 7. Sasa rudisha zile namba za C3: mikroni 7 kwa kasi ya 0.7 hadi 2.1 ni miaka 3 hadi 10. Mikroni 85 ni zaidi ya miaka 40 hata kwa kasi mbaya. Bidhaa zote mbili dukani zinang'aa, zote mbili zinaitwa galvanaizi.

Halafu kuna sisi mafundi. Tunanunua paipu yenye zinki, tunaichomelea, na pale penye wilda zinki yote inaungua na kupanda kama moshi mweupe. Moshi ule ukiuvuta, usiku unatetemeka kama mwenye malaria, na kesho yake au keshokutwa unapona. Mafundi hunywa maziwa wakiamini yanautoa kifuani. Maziwa ni mazuri kwa njaa. Kwa moshi wa zinki kinachosaidia ni kukaa upande unakotoka upepo, na kuparuza zinki kando ya mahali pa kuchomelea kabla ya kuwasha mashine.

Baada ya kuchomelea, pale palipoungua panahitaji rangi yenye unga mwingi wa zinki, ile nzito inayotuama chini ya kopo. Kinachopakwa mtaani ni rangi ya fedha, ya alumini, kwa sababu inafanana na paipu na mteja anaridhika. Inafanana tu. Baada ya msimu mmoja wa mvua kila kiungo kinalia machozi ya kahawia, huku paipu kati ya viungo ikiwa nzima. Ukitaka kujua fundi alitumia nini, tembea mtaani kwako mwezi wa Juni, masika yakiisha, utazame viungo.

Kuhusu mabati ya paa nitasema machache, ingawa ndiyo watu wanayoyanunua zaidi. Geji ni unene wa chuma: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Kwa jedwali la Kiingereza geji 28 ni milimita 0.376 na geji 30 ni 0.315, ila nenda na maikromita, maana namba iliyoandikwa kwa wino juu ya bati ni ahadi tu. Na geji haikuambii lolote kuhusu tabaka la kinga. Hilo liulizie kivyake. Aluzinki, yenye alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6, kwenye paa la kawaida hudumu mara mbili hadi nne ya zinki tupu ya unene ule ule. Ina maadui wawili. Saruji mbichi ni mmoja, kwa hiyo fundi wa plasta asiichafue. Wa pili ni amonia: juu ya zizi lililofungwa au banda la kuku lisilopitisha hewa, mvuke wa mkojo na samadi huila kwa chini, upande ambao hakuna anayeutazama. Kwa banda la namna hiyo, toboa madirisha kwanza, bati utachagua baadaye.

Stenlesi ndiyo inayotuletea ubishi mwingi siku hizi, tangu kila ghorofa la Kampala litake vizuizi vya ngazi na roshani vinavyong'aa. Harry Brearley wa Sheffield aliitengeneza mwaka 1913, na siri yake ni kromi: ikifika asilimia 10.5 au zaidi, uso wa chuma hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaojirudishia wenyewe ukikwaruzwa. Daraja la 304 lina kromi asilimia 18 na nikeli 8. Daraja la 316 linaongezewa molibdeni asilimia 2 au zaidi, kwa ajili ya chumvi.

Wateja wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni ghali, ni ngumu kupita vyuma vyote. Kiwango cha chini cha 304 kabla ya kupinda ni megapaskali 205, pungufu ya chuma cha kawaida cha 250. Ukiikunja na kuivuta huwa inakaza, na kukatika haikatiki upesi, lakini anayeinunua kwa nguvu amenunua kitu asichokusudia.

Halafu kuna kipimo cha sumaku, ambacho naomba kife. Mtu anakuja na kisumaku cha spika, anakigusisha kwenye paipu, kinaanguka, anasema, "Hii ni orijino." Daraja la 201, ambalo nikeli yake imepunguzwa hadi asilimia kati ya 3.5 na 5.5 na nafasi yake ikachukuliwa na manganizi, nalo halishikwi na sumaku. Linang'aa vile vile, ni rahisi zaidi, na nje kwenye mvua huanza kutoa madoa ya kahawia mapema. Upande mwingine, daraja la 430 linashikwa na sumaku vizuri sana na bado ni stenlesi halali. Sumaku hapo imekudanganya mara mbili. Kuna matone ya dawa yanayobadilika rangi yakikutana na manganizi mengi. Chupa ndogo inatosha karakana nzima, na imeniondolea ugomvi zaidi ya cheti chochote.

Hata 304 halisi sisi wenyewe huiharibu. Jiwe la grainda lililokata chuma cha kawaida likipitishwa juu ya stenlesi linaacha chembe za chuma, na chembe zile ndizo zinazoota kutu wiki iliyofuata. Rangi ya buluu na kahawia inayobaki kando ya wilda nayo ni sehemu iliyopoteza kinga. Inabidi isafishwe mpaka ing'ae. Jiki ni shida nyingine. Kwenye vituo vya kupozea maziwa, Mbarara na vitongoji vyake, matangi ni ya stenlesi na ndivyo inavyofaa, lakini dawa ya klorini ikiachwa ikauke humo bila kusuuzwa huchimba vishimo vidogo kama ncha ya sindano, na kishimo kikishaanza hujilinda chenyewe na kuzama.

Anayetaka kuona chumvi inafanya nini kwa chuma aende Katwe nyingine, ile ya Kasese. Kwenye ziwa lile la kreta watu wamevuna chumvi kwa mikono tangu Bunyoro na Toro zikiligombania, na bado wanavuna, miguu ndani ya maji. Kando yao limesimama gofu la kiwanda kilichojengwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ili kazi ifanywe kwa mitambo. Hakikufanya kazi kwa muda wa maana. Maji ya Katwe yana chumvi ya kawaida iliyochanganyika na kaboneti na salfeti, na yalipopashwa moto ndani ya mabomba ya kiwanda, yaliyala mabomba. Mashine zote zilikuwa na nguvu za kutosha. Hakuna aliyeangushwa na megapaskali pale.

Nimebakiza rangi, ambayo ndiyo kinga ya wengi wetu. Chuma kipya kutoka kiwandani kina ngozi ya kijivu-buluu, nyororo, inayoonekana safi kabisa. Ni magamba ya oksidi yaliyotokea kikiwa cha moto kwenye rola. Ukipaka juu yake umepaka juu ya kitu kitakachobanduka, kama ukuta usiofutwa vumbi, na kibaya zaidi magamba yakipasuka, chuma kilicho kwenye ufa huliwa haraka kuliko kingekuwa kitupu. Brashi ya waya huyang'arisha tu magamba. Viwango vya rangi hutaka yapigwe mchanga kwa hewa mpaka daraja la usafi la Sa 2½, chuma kikaribie weupe. Geti la nyumbani halitafika huko. Grainda yenye diski ya msasa, kwa subira, inafika nusu ya njia, na nusu hiyo ina thamani kuliko koti la tatu la rangi.

Redoksaidi ya kopo la bei ya chini ni rangi nyekundu tu, haina uchawi. Tafuta praima yenye fosfeti ya zinki. Usiichanganye na petroli, hata kama kila mtu mtaani anafanya hivyo ili ienee. Usipake kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu chuma cha Kampala asubuhi kina umande. Kanuni ni kwamba kiwe na joto nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa umande. Kona kali zipitie kwa brashi kwanza, peke yake, maana rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye makali na kuacha pembamba pale pale panapogongwa. Daraja la reli la Jinja lilifunguliwa mwaka 1931, miaka miwili kabla Cor-Ten, chuma kinachovaa kutu yake kama nguo, kuingia sokoni Marekani. Kwa hiyo pale ni chuma, ribiti na rangi inayorudiwa.

Mteja wa Kampala mwenye pesa ya kiasi namshauri anunue paipu ya ukuta wa milimita 1.5 badala ya 1.2, alipie usafishaji, na aachane na stenlesi ya bei ya kutupa. Wa Mombasa, na tunao kwa sababu ya mashemeji, namwambia habari nyingine: achovye kwenye zinki geti zima likishachomelewa, kisha apake rangi juu. Viwili hivyo pamoja hudumu kuliko jumla ya umri wa kila kimoja. Zinki mpya ni telezi, haishiki rangi mpaka ikwaruzwe kidogo au ipakwe praima yake maalumu. Asiyejua hilo hulaumu zinki.

Na geti la kuchovya lichorwe hivyo tangu mwanzo. Wenye mabeseni ni wachache, na beseni lina urefu wake, kwa hiyo pima kabla hujakata. Kila paipu iwe na tundu la kuingilia zinki na tundu la kutokea hewa, kwenye ncha zinazokabiliana. Paipu iliyozibwa, ikiwa na tone la maji ndani, ikizamishwa kwenye nyuzi 450 hulipuka na kumwagia zinki waliosimama kando. Matundu hayo tunayatoboa upande wa ndani wa fremu, milimita 10 au 12, na likirudi kutoka kuchovywa tunayaacha yale ya chini wazi ili mvua ipate pa kutokea.